Kufungua, Kujenga, Kukusanya au Kuiga: Njia Nne za Kufundisha Taka za Kielektroniki na Nishati Jadidifu

Mwalimu anayepangiwa mada ya taka za kielektroniki na nishati jadidifu hakosi la kusema darasani. Linalomsumbua ni kwamba ana vipindi kama kumi katika muhula, wanafunzi wengi kuliko meza, na mapendekezo yanayovutana: huyu anamwambia afungue redio mbovu mbele ya darasa, yule anamhimiza anunue paneli ndogo ya sola, wa tatu anamshauri aanzishe kampeni ya kukusanya simu za zamani, na wa nne anamwelekeza kwenye kompyuta. Kila njia ina watetezi wake, na kila mtetezi huisifu kwa kusimulia ile siku moja iliyofana. Nimezitumia zote nne kwa nyakati tofauti, nyingine kwa mafanikio na nyingine kwa aibu, na ninachoweza kumsaidia mwalimu huyo ni kuziweka mezani zikipimwa kwa mizani moja.

Kabla ya hapo, kuna mada mbili ambazo mitaala huzitenganisha bila sababu ya msingi. Taka za kielektroniki huwekwa kwenye sura ya uchafuzi, pamoja na picha za moshi. Nishati jadidifu huwekwa kwenye sura ya nishati, pamoja na picha za anga safi. Mwanafunzi hutoka akiamini kuwa moja ni ugonjwa na nyingine ni dawa yake. Lakini paneli ya sola ni kifaa cha umeme kama vingine, hutumika kwa miaka 25 hadi 30 kisha huchakaa, na betri inayohifadhi umeme wake hufa mapema zaidi. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Nishati Jadidifu, IRENA, lilikadiria kuwa paneli zilizochakaa zinaweza kufikia jumla ya tani milioni 78 ifikapo mwaka 2050. Kwa hiyo njia inayofundisha nusu moja vizuri huku ikiificha nusu ya pili, kwangu mimi ina kasoro, hata kama wanafunzi waliifurahia.

Njia zinazolinganishwa na vigezo vyake

Njia ya kwanza ni kufungua vifaa vibovu na kutenganisha sehemu zake. Ya pili ni kujenga mfumo mdogo wa umeme wa jua unaofanya kazi. Ya tatu ni kukusanya, kupima uzito na kuweka kumbukumbu za vifaa vilivyokufa, kwa lengo la kuvipeleka kwa anayevirejeleza. Ya nne ni kuiga saketi na mitambo kwa kutumia programu za kompyuta.

Vigezo ni vitano: mwanafunzi anaondoka na nini kichwani, hatari iko wapi, njia inadai muda, vifaa na ujuzi wa kiasi gani, baada ya somo kunabaki nini na kinaenda wapi, na mwisho, mwalimu anawezaje kujua kuwa somo limeingia. Sitajifanya kuwa ninavipa uzito sawa. Kigezo cha nne, yaani mabaki, ndicho ninachokiona kizito kuliko vyote, na ndicho ambacho mipango mingi ya masomo hukiacha kabisa.

Mwanafunzi anaondoka na nini

Kufungua kifaa humfundisha mwanafunzi jambo ambalo mchoro hauwezi kulifundisha kwa uzito uleule, nalo ni kwamba kifaa kimoja ni mkusanyiko wa vitu vingi vilivyong'ang'aniana. Chukua printa mbovu ya wino. Wanafunzi wanne wenye bisibisi mbili hutumia karibu kipindi kizima kulivua ganda lake, kwa sababu baadhi ya skrubu zimefichwa chini ya vibandiko na sehemu nyingine zimebanwa kwa ndoano za plastiki zinazovunjika badala ya kuachia. Ndani hukuta fimbo ya chuma inayoongoza kichwa cha wino, mkanda wenye meno, chemchemi, pedi nyeusi iliyoloa wino, bodi ya saketi na mota mbili au tatu. Hapo ndipo huwauliza: mmetumia dakika ngapi, na mmepata gramu ngapi za shaba? Mizani ya jikoni hutoa jibu, na jibu huwa dogo kiasi cha kulinyamazisha kundi. Hakuna haja ya kuwaeleza tena kwa nini mahali pengi watu huchoma nyaya moto ili kupata shaba kwa haraka. Wamekwisha kuiona hesabu hiyo kwa mikono yao.

Miongoni mwa mota hizo huwamo ile inayozunguka kwa hatua, yenye nyaya nne. Shikiza taa ndogo nyekundu ya LED kwenye nyaya mbili za koili moja, kisha zungusha ekseli yake kwa vidole, na taa itamweka. Nimeona wanafunzi wa safu ya nyuma wakiacha viti kuja kuhakikisha kuwa hakuna betri iliyofichwa mkononi mwangu. Kilichokuwa taka kimegeuka jenereta, na ugunduzi wa mwanasayansi Faraday wa mwaka 1831, kwamba sumaku inayosogea karibu na koili huzalisha umeme, umeingia darasani bila kuandikwa ubaoni. Kwa hiyo si kweli kwamba kufungua ni njia ya taka pekee. Inafika kwenye nishati pia, ila inafika kupitia mlango wa nyuma na haikai sana: haigusi uhifadhi wa umeme wala hesabu ya matumizi ya siku.

Kujenga hukaa hapo hasa. Mwanafunzi anayegusisha ncha za multimita, yaani kifaa cha kupimia volti na mkondo, kwenye paneli yenye seli 36, jua likiwa kali, husoma karibu volti 21, naye huuliza mbona imeandikwa kuwa ni ya volti 12. Swali hilo peke yake linastahili kipindi, kwa kuwa linamlazimu kutofautisha volti ya paneli isiyo na mzigo, yaani isiyounganishwa na kifaa chochote, na volti ya paneli inayofanya kazi. Afunike seli moja kwa kiganja, aone mkondo ukiporomoka, kwa sababu seli zimeungwa kwa mfululizo na ile iliyo kivulini inazibana zilizobaki. Apime tena paneli ikiwa imepata moto, agundue kuwa volti imeshuka, jambo linalovunja imani iliyoenea kwamba sola hula joto, kumbe hula mwanga. Kisha ije hesabu: paneli ya wati 10 kwa saa 5 za jua kamili ingetoa wati-saa 50, na taa ya wati 3 inayowaka saa 4 hula wati-saa 12 tu, mbona basi betri haikujaa? Katika kuusaka upotevu huo, kwenye vumbi la kioo, pembe ya paneli, nyaya nyembamba na betri iliyozeeka, ndimo somo lenyewe lilimo.

Kasoro ya kujenga ni kwamba humwonyesha mwanafunzi kuzaliwa kwa kifaa bila kumwonyesha kifo chake. Darasa hupiga picha ya pamoja taa ikiwaka, na habari huishia hapo. Kasoro hiyo hupungua sana mfumo unapojengwa kwa sehemu zilizookolewa. William Kamkwamba wa Malawi, aliyekuwa ameacha shule kwa kukosa ada, alijenga kinu cha upepo mwaka 2002 kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta na dainamo ya baiskeli, baada ya kusoma vitabu vya maktaba. Humtaja mara nyingi darasani, lakini kwa tahadhari: wanafunzi husikia habari ya ushindi na kusahau majaribio mengi yaliyoutangulia, na mwalimu anayetarajia kinu cha namna hiyo ndani ya vipindi kumi anajitafutia lawama.

Kukusanya hufundisha ukubwa wa jambo na mpangilio wake. Kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, wastani wa kilo 7.8 kwa kila mtu, na ni asilimia 22.3 tu iliyorekodiwa kuwa imekusanywa na kurejelezwa kwa njia rasmi. Takwimu hizi zikisomwa kutoka kitabuni hupita kama upepo. Zikiwekwa kando ya daftari ambalo wanafunzi wenyewe wameandika "redio, kilo 1.4, swichi imeharibika", huanza kuuma, hasa wanapogundua kuwa vifaa vingi walivyoandikisha havikuwa vimekufa bali vilikosa fyuzi au waya.

Njia hii pia hutibu ndoto za utajiri. Medali za Michezo ya Olimpiki ya Tokyo zilitengenezwa kwa madini yaliyotolewa kwenye vifaa vilivyokusanywa kati ya mwaka 2017 na 2019: takriban tani 78,985 za vifaa vidogo pamoja na simu milioni 6.21, ambazo zilitoa kilo 32 hivi za dhahabu. Mwambie mwanafunzi agawanye. Hata akiziacha simu kando, anapata chini ya nusu gramu ya dhahabu kwa kila tani ya vifaa, na yule aliyedhani kuwa sanduku la redio mbovu ni mgodi anaanza kuuliza maswali ya mtu mzima, kama vile nani hulipia usafirishaji.

Kuiga kwa kompyuta kuna nguvu ambayo walimu wa vitendo tunaidharau bila haki. Programu za PhET, zilizoanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia, ni za bure na humwezesha mwanafunzi kuunganisha saketi, kuikosea, kuichoma na kuianza upya mara ishirini ndani ya kipindi kimoja. Anaona chembe za umeme zikitembea ndani ya waya, jambo ambalo hataliona kwenye meza yoyote. Ila katika ulimwengu huo hakuna kutu, hakuna skrubu iliyoliwa kichwa, na betri haizeeki kwa njia ya kuudhi. Mwanafunzi huielewa saketi vyema. Taka haigusi kabisa.

Hatari na mahali inapojificha

Hapa kufungua ndiyo njia inayodai akili zaidi. Vipo vifaa ambavyo havifai kufunguliwa na wanafunzi kwa hali yoyote. Kapasita ya maikrowevu hufanya kazi kwenye volti takriban 2,000 na inaweza kubaki na chaji baada ya waya kuchomolewa. Televisheni za zamani zenye chogo hushikilia volti nyingi zaidi, na kioo chake kina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Taa za mirija zina zebaki. Vifaa hivyo ninaviacha nje ya mlango wa darasa. Vinavyobaki, kama vile printa za wino, kibodi, vipanya, redio za betri, rimoti na spika ndogo, vinatosha kwa muhula mzima.

Hatari ninayoiogopa kuliko hizo zote ni ndogo na bapa, nayo imo ndani ya simu. Mwaka mmoja mwanafunzi wangu, akijaribu kung'oa betri iliyogandishwa kwa gundi, aliitoboa kwa bisibisi. Ilizomea, ikavimba, ikafuka moshi mweupe wenye harufu ya kukereketa, na tukaisukumia kwenye ndoo ya mchanga ambayo, nakiri, ilikuwapo pale kwa ajili ya jambo jingine kabisa. Hakuna aliyeumia. Tangu siku hiyo betri huzitoa mimi mwenyewe kabla ya kipindi, simu iliyovimba mgongo haiingii darasani, na mchanga upo kwa makusudi.

Katika kujenga, volti 12 haimrushi mtu, na jambo hilo huwafanya wengi wajisahau. Betri ya asidi na risasi ikigusishwa ncha zake kwa spana hutoa mkondo mkubwa wa kutosha kuifanya spana hiyo iwe nyekundu kwa moto, kwa hiyo fyuzi karibu na ncha chanya si pambo. Ugumu zaidi uko kwa wale wanaotaka kuokoa seli za lithiamu kutoka betri za kompyuta za mkononi. Ni kweli kwamba pakiti ikifa, mara nyingi ni seli moja au mbili zilizoharibika na nyingine bado nzima. Lakini seli hizo hazitakiwi kuchajiwa kupita volti 4.2, zinadai saketi ya ulinzi, na mwalimu asiyejua kuzipima uwezo hapaswi kujifunzia mbele ya watoto. Kwa kulehemu, madirisha yawe wazi na mikono inawiwe kabla ya kula, kwa kuwa risasi ya kulehemu ya aina ya zamani ina madini ya risasi kweli.

Kukusanya huonekana salama, na darasani ni salama. Hatari yake huhamia stoo, usiku, ndani ya sanduku ambamo betri zimelaliana ncha kwa ncha. Kipande cha utepe wa plastiki juu ya kila ncha kinamaliza sehemu kubwa ya hatari hiyo. Kuna na hatari isiyo ya moto: simu inayokabidhiwa ikiwa na picha na ujumbe wa mwenyewe. Kuiga hakuna hatari ya kutajwa.

Muda, vifaa na ujuzi

Kufungua kunahitaji vipindi viwili au vitatu, bisibisi za aina mbalimbali, koleo, miwani ya kinga, glavu na mizani. Ujuzi wake mkubwa ni kujua nini kisifunguliwe. Kujenga kunahitaji vipindi sita au zaidi, multimita walau moja kwa kila kundi, na mwalimu aliyewahi kuujenga mfumo huohuo nyumbani kwake mara moja kabla ya kuuleta darasani. Kukusanya hakuhitaji chochote ila mizani, daftari na mahali pakavu panapofungwa, lakini kunakula wiki nyingi za kalenda na subira. Kuiga kunahitaji kompyuta zinazofanya kazi, na hiyo si sharti dogo kama watungaji wa mipango wanavyodhani. Zikiwapo, kipindi kimoja huleta matunda.

Kinachobaki

Somo la taka linaweza kuzalisha taka, tena likazalisha mbaya kuliko zile lililozikuta. Printa nzima ina uzito, ina umbo, na mrejelezaji anajua aipangie wapi. Printa ileile ikishakuwa mfuko wa plastiki iliyovunjika, skrubu, pedi ya wino na bodi, imekuwa ngumu kupokewa na rahisi kutupwa kwenye pipa la kawaida. Mwalimu anayechagua kufungua anapaswa kuwa na vyombo vyenye majina kabla ya skrubu ya kwanza kulegezwa: shaba na nyaya, alumini, chuma, bodi, plastiki, betri, na chombo cha mwisho cha visivyojulikana. Hicho cha mwisho ndicho kinachojaa haraka, na ukubwa wake ni somo.

Kujenga huchelewesha mabaki badala ya kuyaondoa. Vifaa vya bei rahisi vya kufundishia sola mara nyingi huja na betri iliyofungiwa ndani ya kisanduku kisichofunguka, na baada ya miaka michache paneli ikiwa bado nzima, kisanduku kizima hutupwa. Nikichagua, nachagua mfumo wenye sehemu zinazotengana, hata kama ni mzito na hauvutii macho. Betri ya asidi na risasi, pamoja na sumu yake yote, ina faida moja ambayo haizungumzwi: karibu kila mahali yupo mtu anayeinunua ikiwa imekufa, ingawa si kila anayeinunua huiyeyusha kwa usalama. Betri ya lithiamu ni nyepesi na hudumu zaidi, ila kumpata wa kuipokea ikifa ni kazi.

Kwenye kukusanya ndiko nilikoaibika. Tulijaza masanduku kumi na moja, tukaandika orodha nzuri, na mpokeaji aliyekuwa ameahidi kuja mwisho wa muhula hakuja. Masanduku yalikaa stoo miezi minane. Mvua iliingia, panya waliingia, na wanafunzi walioanzisha kampeni walihitimu wakiyaacha pale. Kosa lilikuwa langu: nilikusanya kwanza na kutafuta mpokeaji baadaye. Mpango ungepaswa kuanzia mwisho, kwa kupata kwa maandishi jina la anayepokea, aina ya vifaa anavyokubali, kibali alicho nacho, na anakopeleka anachopokea. Swali hilo la mwisho si uchokozi. Chini ya Mkataba wa Basel, mkataba wa kimataifa unaosimamia uvushaji wa taka za hatari kati ya nchi na uliopitishwa mwaka 1989, tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za kielektroniki, ziwe zimehesabiwa kuwa za hatari au la, hazipaswi kuvushwa mpaka bila nchi inayozipokea kuridhia kwanza, na wanafunzi wa umri wa kutosha wanaweza kulifuatilia jambo hilo wenyewe kwa barua.

Kuiga hakuachi kitu mezani. Mtu anaweza kusema kuwa kompyuta yenyewe ni taka ya kesho, na ni kweli, lakini kompyuta iliyokwisha kuwapo ikitumika mwaka mmoja zaidi ni jambo la kushukuru.

Kujua kama somo limeingia

Kuiga na kujenga hupimika kwa urahisi, kwa kuwa saketi inafanya kazi au haifanyi, na hesabu ina jibu. Kwa kujenga, hata hivyo, mfumo unaofanya kazi hauthibitishi kuwa kila mwanafunzi ameelewa. Huwa namtaka kila mmoja atafute kosa nililolipandikiza kwa siri, kama vile fyuzi iliyoungua au waya uliogeuzwa. Kufungua hupimwa kwa jedwali la uzito wa sehemu, ambalo jumla yake ikipungukiwa na uzito wa kifaa cha awali hufungua mjadala mzuri kuhusu kilichopotea. Kukusanya ndiko kugumu kupima, kwani wingi wa kilo hauonyeshi uelewa. Kundi lililoleta kilo tano na kueleza kila kifaa kilikufa kwa sababu gani limejifunza zaidi ya lililoleta hamsini.

Kila njia inamfaa nani

Kufungua kunamfaa mwalimu mwenye makundi madogo na mkono mwepesi wa kusimamia, na kunawafaa wanafunzi wanaochoka na maandishi; kwa watoto wa umri mdogo ni bora mwalimu afungue, wao wapange na kupima. Kujenga kunawafaa wanafunzi waliokwisha kukutana na volti, mkondo na wati darasani, au klabu inayokutana mwaka mzima. Kukusanya kunamfaa mwalimu wa jiografia, uraia au hisabati sawa na wa sayansi, pengine zaidi, na wanafunzi wa umri wowote. Kuiga kunamfaa mwenye darasa kubwa, mwenye mtihani ulio karibu, na mwenye wanafunzi ambao wangeogopa kuharibu kifaa halisi mbele ya wenzao.

Kuchagua kulingana na hali

Ikiwa hujapata mtu wa kupokea mabaki, acha kukusanya na acha kufungua kwa wingi. Fungua kifaa kimoja tu mbele ya darasa, hifadhi sehemu zake kwenye ubao wenye majina kwa ajili ya miaka ijayo, na vipindi vinavyobaki vitumie kwa kuiga au kwa daftari la kuhesabu vifaa vilivyoko majumbani bila kuvihamisha. Hesabu bila kubeba bado ni somo kamili.

Ikiwa una wanafunzi sitini na multimita moja, usijaribu kujenga kwa darasa zima. Wagawe: kundi moja kwenye paneli, mengine kwenye kompyuta au kwenye jedwali la hesabu, wakibadilishana kila kipindi. Nimeona walimu wakijenga peke yao huku hamsini na tisa wakitazama mgongo wa mwalimu.

Ikiwa una vipindi vitatu tu, chukua kufungua, kwa sharti kwamba mota ile ya nyaya nne iwemo ndani ya kifaa ulichokichagua, kikague mapema. Ukiwa na muhula mzima pamoja na mpokeaji wa uhakika, mpangilio ulionifaa ni kuanza na kukusanya, kwa sababu unaleta vifaa. Kufungua vichache kati ya hivyo. Kisha kujenga taa ukitumia nyaya, swichi na maganda yaliyookolewa, huku paneli, fyuzi na betri vikiwa vipya.

Ikiwa wanafunzi wako ni wakubwa na mtihani unauliza hesabu za nishati, jenga, lakini ongeza kipindi kimoja ambacho mipango mingi haina: wapime paneli kuukuu kando ya mpya. Seli ya sola ya silikoni iliyoonyeshwa na Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, mwaka 1954 iligeuza takriban asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme, na paneli nyingi za sasa hupita asilimia 20. Paneli iliyochoka hukaa kati ya historia hizo mbili na kuwalazimisha waamue kwa tarakimu kama ni ya kutupa au bado inaweza kuwasha taa ya ukumbini.

Na ikiwa shule yenyewe tayari ina paneli juu ya paa, usinunue chochote. Omba funguo za chumba cha betri, wanafunzi wasome tarehe iliyoandikwa kwenye kila betri, wapime volti zake asubuhi na jioni kwa wiki mbili chini ya usimamizi wa fundi, kisha wamwandikie mkuu wa shule barua yenye mambo mawili: betri hizo zitakufa takriban lini, na nani atakuja kuzichukua.